Kuuza fedha kwa wanunuzi wa mtaani: niliowaendea, walivyonilipa, na wanakopatia faida

Kwa mwenye haraka, hukumu yangu ni hii: ukiwa na madini ya fedha ya kuuza, iwe vijiko, mikufu au sarafu, mtafute mnunuzi anayekubali kukutajia anakulipa asilimia ngapi ya bei ya soko. Niliwaendea wanunuzi kadhaa, na ninayempendekeza ni mzee mmoja mwenye meza ya kioo, mizani inayomtazama mteja, na daftari ambamo kila hesabu huandikwa ukiwa unaona. Si yeye aliyenipa bei ya juu kwa kila kitu. Kwa sarafu za kisasa alizidiwa na kijana mmoja sonara nitakayemweleza hapa chini. Lakini nilipomuuliza, "Mzee, na wewe unapata wapi?" alinijibu kwa tarakimu, tena bila kukunja uso.

Mali yenyewe ilikuwa ya marehemu shangazi yangu. Ndugu walikubaliana iuzwe tugawane, na kazi wakanikabidhi mimi kwa kuwa ni mfamasia na nimeishi na mizani miaka yote ya kazi. Nilitakiwa kurudi na karatasi ya kuwaonyesha binamu zangu, senti kwa senti. Kwa hiyo mnunuzi asiyeandika hakunifaa hata angekuwa na bei nzuri kiasi gani.

Ndani ya sanduku kulikuwa na seti ya uma na vijiko vyenye chapa ya 925; visu vya seti hiyohiyo; vinara viwili vya mishumaa; birika kubwa la chai lenye herufi EPNS chini; mikufu iliyokatika; bangili nzito yenye chapa ya 800; sarafu za Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria; na sarafu chache za Maple Leaf za Kanada, bado ziko kwenye vifuko vyake.

Kabla ya kutoka nyumbani nilipiga hesabu, na ninamsihi kila muuzaji afanye hivyo. Chapa ya 925 maana yake katika kila sehemu 1000 za chombo, sehemu 925 ni fedha safi na zilizobaki aghalabu ni shaba. Uma na vijiko vilikuwa na gramu 620. Zidisha kwa 0.925, unapata gramu 573.5 za fedha safi. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, lakini si ile wakia ya gramu 28.35 inayopimia vitu vya kawaida. Wakia ya madini ya thamani ni gramu 31.1035. Gawanya, unapata wakia 18.44. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, nawe unajua thamani kamili ya madini uliyoyabeba. Bei hiyo haitungwi na mwenye duka: kila siku ya kazi, adhuhuri, hupangwa moja kwa mnada wa London, na kutwa nzima inapanda na kushuka kwenye masoko ya mikataba, yaani ya kununua na kuuza kwa ahadi ya kukabidhiana mali baadaye. Mimi thamani hiyo naiita 100, na kila nilicholipwa nakitaja kwa kulinganisha nayo, ili msomaji aweze kuitumia hesabu yangu popote alipo na kwa pesa yoyote.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa na bango kubwa la kunadi bei ya juu kuliko wote. Alimimina kila kitu kwenye mizani kwa pamoja, 925 na 800 na birika la EPNS, akataja jumla moja. Nikamwomba atenganishe. Alipoweka uma na vijiko peke yake, kioo cha mizani kikasoma karibu 399. Mimi nilikuwa na 620 kwenye karatasi yangu. Kando ya tarakimu palikuwa na herufi dwt.

Hapa pana jambo la kushika kwa mikono miwili. Dwt ni kipimo cha zamani cha masonara: gramu 1.555, na ishirini zake hufanya wakia moja. Ni kipimo halali, na wapo wanunuzi waaminifu wanaokitumia hadi leo. Hatari iko kwa mtu anayepima kwa dwt kisha akakutajia bei ya gramu. Ukikubali, umempa bure sehemu 36 katika kila 100 kabla hata hajaanza kukata faida yake. Nilimwomba abadilishe isome gramu, akasema mashine haina. Nilimuuliza anatoa asilimia ngapi ya bei ya soko, akasema, "Dada, bei ndiyo hiyo, kesho inashuka." Nilifunga vitu vyangu. Kwa hesabu yangu, alichotaja kwa mzigo mzima hakikufika hata 52 kwa thamani ya uma na vijiko pekee, yaani bangili, mikufu na sarafu zote angezipata bila kulipia. Huyo simpi nyota hata moja.

Kijana sonara alikuwa tofauti kabisa. Duka safi, lugha nzuri, na ana mashine ya eksirei inayosoma aina ya metali kwa sekunde chache. Ilisoma uma zangu asilimia 92.6 ya fedha. Lakini kwenye karatasi aliandika 900. Nilipomuuliza, akaniambia ndivyo anavyofanya kwa usalama, kwa sababu viungio huwa na risasi ya kulehemia. Uma hauna kiungio. Ni kipande kimoja kuanzia meno hadi mpini. Kutoka 925 hadi 900 si kitu kikubwa kwa macho, ila ni karibu sehemu 3 katika 100 zinazoondoka kabla asilimia yake haijatajwa. Asilimia yenyewe ilikuwa 74. Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba alichukua tupa akakwaruza mpini wa kijiko kabla ya kuniuliza. Kwa mkufu uliokatika sina neno, lakini seti iliyokamilika ina wateja wanaoitaka kama seti, na alama ya tupa inaiharibu.

Kwenye sarafu za Maple Leaf, hata hivyo, alinilipa 98, na hakuna aliyemfikia. Sababu niliiona kwenye kabati lake la kioo: sarafu hizohizo anaziuza kwa 113. Kanada imekuwa ikizitoa tangu 1988, wakia moja kamili, usafi wa 999.9 kwa 1000. Anayeijua haihitaji maelezo, na mteja wa kuinunua anaingia dukani jioni hiyohiyo. Hapo mnunuzi anafanya kazi kama duka la kubadilishia pesa za kigeni, ana bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na faida ni ule mwanya wa katikati. Hahitaji kuyeyusha chochote wala kumsubiri mtu. Ndiyo maana anaweza kukupa karibu bei yote ya soko na bado akala vizuri. Na mwanya huo haukai mahali pamoja. Machi 2020 bei ya fedha kwenye masoko ya mikataba iliporomoka hadi chini ya dola 12 kwa wakia, ilhali watu waligombania sarafu madukani na ziada juu ya bei ya soko ikapaa. Mwenye sarafu mkononi siku zile, akikubali kulipwa "bei ya soko" bila kuuliza duka linauzaje, alimwachia mwenye duka faida yote ya mvurugo ule.

Sasa mzee. Alianza na sumaku, si kwa sababu inathibitisha fedha, bali kwa sababu inaondoa chuma mapema. Vifungo vya mikufu vina springi ndogo ya chuma ndani, akavikata na kuvipima kando mbele yangu. Halafu akachukua ile bangili. Nilidhani atatumia tindikali, kumbe alitaka maji. Aliipima hewani, gramu 41.2. Akaifunga uzi, akaining'iniza ndani ya bilauri ya maji iliyokuwa juu ya mizani bila kugusa kitako, mizani ikaongezeka gramu 4.1. Akagawa 41.2 kwa 4.1, akapata 10 na kidogo, yaani mara ngapi kitu ni kizito kuliko maji ya ujazo uleule. Fedha safi ni 10.49, shaba ni 8.96, na mchanganyiko wa 800 unaangukia palepale katikati, juu kidogo ya 10. "Mashine ya eksirei inasoma ngozi," akaniambia, "maji yanasoma mpaka moyoni." Ni kweli, kwani miale ile haipenyi ndani sana, na kitu kilichopakwa tabaka nene la fedha kinaweza kuidanganya. Kwa mfamasia kama mimi ilikuwa raha kumtazama mtu anayeheshimu kipimo namna ile.

Kisha akatenga mali yangu mafungu mafungu, na kila fungu akalieleza.

Birika alinirudishia papo hapo. EPNS ni tabaka jembamba la fedha lililopakwa kwa umeme juu ya aloi ya shaba, nikeli na zinki. Fedha iliyomo hailipi gharama ya kuitoa. "Hili litumieni, mwanangu, ni zuri." Kumbuka yule wa kwanza alilipima pamoja na vingine; angelichukua kwa bei ya jumla halafu akaliuza kama birika la mapambo.

Visu havikuhesabiwa kwa uzito. Makali ni ya chuma kisichoshika kutu, na mpini ni ganda jembamba la 925 lililojazwa utomvu mgumu ndani. Ukivipima vizima unapima chuma na utomvu. Alilipa kidogo kwa kila kimoja kwa kuwa vinakamilisha seti. Vinara navyo ni vilevile: chini yake pana chapa ya 925, na pembeni, kwa herufi ndogo zaidi, pana neno la Kiingereza linalosema kimetiwa uzito. Ndani ni saruji. Kinara kinachokaribia nusu kilo kinaweza kuwa na fedha ya kujaza kiganja tu.

Kwa fedha chakavu, yaani mikufu na bangili, alitaja 86, na hapo ndipo nilipomuuliza anapata wapi. Jibu lake nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo nililokuwa nikilitafuta muda wote.

Yeye hayeyushi mwenyewe. Anakusanya hadi upatikane mzigo wa kutosha, anaupeleka kwenye kiwanda cha kusafishia madini. Huko wanayeyusha vyote kwa pamoja, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 960, wanachukua sampuli, wanapima usafi, na wanamlipa kwa fedha safi iliyomo baada ya kukata ada yao. Yeye hurudishiwa kama 94 au 95 akiwa na mzigo mkubwa, na 92 ukiwa mdogo. Kwa hiyo kati ya 86 aliyonipa na 94 anayotarajia pana 8. Ndani ya hizo 8 toa nauli ya mzigo na bima, toa uchafu na risasi ya kulehemia iliyopotea kwenye moto, toa kodi ya chumba na kasiki, toa pesa yake iliyolala akisubiri malipo. Kinachobaki ni kidogo kwa kila wakia, na anaishi kwa wingi wa wakia.

Nilimuuliza pia kwa nini kwenye dhahabu hukata asilimia ndogo kuliko kwenye fedha. Akasema kazi ni ileile, thamani siyo. Kupima, kusafirisha na kusafisha wakia ya fedha hakupungui gharama kwa sababu fedha ni rahisi. Mwezi uleule wa Machi 2020 wakia moja ya dhahabu ilikuwa na thamani ya wakia zaidi ya 110 za fedha. Hebu fikiria kasiki linalohitajika kubeba thamani hiyo kwa fedha, na gari la kuipeleka kiwandani. Tangu hapo sijamlaumu tena mnunuzi kwa kukata asilimia kubwa kwenye fedha chakavu, ninamlaumu anayeificha.

Halafu kuna bei kubadilika. Anaponunua kwangu leo na kulipwa na kiwanda baada ya wiki kadhaa, katikati pana hatari. Wenye mitaji mikubwa huuza mapema kwenye soko la mikataba, lakini mkataba mmoja kamili wa fedha New York ni wakia 5,000, zaidi ya kilo 155; si kipimo cha duka dogo. Mzee humpigia simu mfanyabiashara wa jumla na kufunga naye bei mara anapofikisha kiasi walichokubaliana. Kabla ya kufikisha, yuko wazi. Ndiyo maana siku bei inapokimbia, hata kwa kupanda, yeye hushusha asilimia. Muuzaji huona kama anadhulumiwa, kwani bei imepanda na yeye anapewa 80 badala ya 86. Lakini kilichopanda upesi hushuka upesi. Januari 1980, ndugu wa familia ya Hunt wa Marekani walipokuwa wamelimbikiza fedha isiyo na kifani, wakia ilikaribia dola 50, na watu wakapanga foleni kuuza vyombo vya mezani viyeyushwe. Tarehe 27 Machi mwaka huohuo ilishuka chini ya dola 11. Mnunuzi aliyelipa 95 mwezi Januari na mzigo wake ukawa bado njiani Machi alipoteza duka. Oktoba 2025 fedha ilivuka dola 50, na mzee anasema wakati huo alikuwa akinunua kwa pole mno, na mteja asiyeridhika alimwambia waziwazi asubiri.

Kuhusu uma na vijiko, akaniambia jambo ambalo angeweza kulinyamazia. "Hizi sitaziyeyusha." Seti imekamilika, haina majina ya watu yaliyochorwa, na ana mteja wa vyombo vya mezani. Akiiuza kama seti anapata zaidi ya 100, hivyo hawezi kunilipa kama chakavu. Akanipa 90. Ningeweza kumtafuta mteja huyo mwenyewe? Labda, kwa muda na kwa picha na kwa maswali ya watu wasiokuja. Kumi na zaidi anazopata ni malipo ya kumjua mteja, na kwangu ni halali yake.

Sarafu za Maria Theresa ndizo zilizonionyesha tofauti ya tabia za hawa watu. Sarafu hii ina gramu 28.07 na usafi wa 833, kwa hiyo fedha safi ni gramu 23.39, robo tatu ya wakia. Zote zina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, kwa sababu ziliendelea kupigwa kwa sura ileile miaka mingi baadaye, Vienna na pia Roma, London, Paris na Bombay. Nyingi zina thamani ya madini na nyongeza kidogo. Chache, zinazojulikana kwa alama ndogo za manyoya ya tai, vito vya kifuani na herufi, hutafutwa na wakusanyaji. Njia ya zamani ya faida ni kununua zote kwa bei moja ya kuyeyusha, kisha jioni kukaa na lenzi kuchagua. Kijana sonara alitaka kuzichukua zote kwa uzito, bila kuzigeuza. Mzee alizigeuza moja moja chini ya taa, akasukuma mbili upande wangu. "Hizi mbili usiniuzie mimi. Mtafute mtu wa sarafu." Zilizobaki akazilipa 88.

Nina malalamiko mawili juu yake, na ni ya haki. La kwanza, ana foleni na hana haraka. Kila mteja anapata maelezo marefu kama niliyopata mimi, na wewe unasubiri umesimama. La pili ni zito zaidi: stakabadhi yake iliyochapwa inataja uzito na jumla tu. Asilimia, usafi na bei ya soko ya saa ile vinabaki kwenye daftari lake. Nilimwomba aviandike kwa mkono nyuma ya stakabadhi na kutia saini, akafanya bila ubishi, lakini mteja asiyejua kuomba ataondoka bila ushahidi wa bei aliyolipwa. Alinitaka kitambulisho na malipo yakapita benki, jambo lililowafurahisha binamu zangu kuliko mimi.

Nyota nne kati ya tano kwa mzee. Kijana sonara tatu, na kwa sarafu za kisasa za wakia moja nenda kwake moja kwa moja, ila mwambie aweke tupa chini kwanza. Vinara bado viko kwangu. Mzee amesema akivinunua vizima atalazimika kukisia saruji ni kiasi gani, na atakisia kwa kujilinda, lakini nikivipeleka vimeshavuliwa ganda atapima fedha tupu na kulipa 86 ileile ya chakavu. Binamu yangu mmoja ana koleo na muda, tumekubaliana avivue yeye.